Matongotongo ya siku ya kumi: klamidia kwa mjamzito na mtoto mchanga

Mama anaingia kliniki na kichanga cha siku kumi, amekifunika uso kwa kanga. Akifunua, kope zimevimba na matongotongo yamezigandisha. Bibi yake kule Kayenze alimwelekeza amkamulie mtoto maziwa ya titi machoni, na amefanya hivyo siku tatu. Sina ugomvi na bibi. Ninachouliza kwanza ni: yalianza siku ya ngapi?

Siku zina maana. Usaha mwingi unaoanza siku ya 2 hadi ya 5 baada ya kuzaliwa hutufanya tuhofie kisonono, na kisonono kinaweza kuharibu jicho la mtoto kwa muda mfupi sana. Yakianza siku ya 5 hadi ya 14, mara nyingi ni klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoletwa na bakteria. Mpaka huo hauko wazi kila mara, kwa hiyo mzazi asikae nyumbani akihesabu. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja akitoa usaha machoni, mlete siku hiyo hiyo.

“Mbona alipakwa mafuta ya macho siku aliyozaliwa, nesi?” Alipakwa, na ni vizuri. Mafuta yale husaidia zaidi dhidi ya kisonono. Kwa klamidia hayatoshi, maana mdudu huyu hakai jichoni peke yake. Mtoto humpata akipita kwenye njia ya uzazi, na huingia puani na kooni pia. Kati ya watoto 100 wanaozaliwa na mama mwenye klamidia isiyotibiwa, 20 hadi 50 huugua macho, na 10 hadi 20 hupata nimonia. Nimonia hiyo huchelewa, huja kati ya wiki ya 4 na ya 12, tena mara nyingi bila homa: kikohozi kifupi kifupi cha mfululizo na pumzi za haraka. Familia husema ni mafua ya upepo wa ziwani. Ndiyo sababu mtoto mwenye macho ya klamidia hapewi dawa ya matone pekee, hupewa ya kunywa.

Madhara huweza kuanza hata kabla ya uchungu. Klamidia wakati wa ujauzito inahusishwa na chupa kupasuka kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa njiti au na uzito mdogo. Tafiti hazilingani juu ya ukubwa wa hatari hiyo, ila mimi sioni sababu ya kuibahatisha kwa ugonjwa unaotibika kwa vidonge. Baada ya kujifungua, mama naye anaweza kupata maambukizi kwenye kizazi. Ugonjwa ukikaa muda mrefu hupanda hadi kwenye mirija, na hapo ndipo hutokea ugumba au mimba inayofuata kutunga nje ya kizazi.

Shida kubwa ni ukimya wake. Wanawake wengi walio nayo, saba au zaidi kati ya kumi, hawaoni dalili yoyote. Na ujauzito wenyewe huongeza ute ukeni, hivyo hata anayeona mabadiliko hujiambia ni mimba.

Mkoa wetu una historia katika jambo hili. Kati ya 1991 na 1994 ulifanyika utafiti katika vijiji vya Mwanza: vituo vya afya viliimarishwa vitibu magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na matokeo yaliyochapishwa 1995 yalionyesha maambukizi mapya ya VVU yamepungua kwa takribani asilimia 40. Kutibu kwa dalili kumeokoa wengi. Lakini asiye na dalili hapiti kwenye mlango huo, na vipimo vya kawaida vya kliniki ya wajawazito, yaani VVU, kaswende, wingi wa damu na mkojo, havimkamati mwenye klamidia. Mweleze mkunga bila kuzunguka kama mwenzako ametibiwa ugonjwa wa zinaa, kama anakojoa kwa maumivu, au kama unatokwa damu baada ya tendo la ndoa. Ulizia pia kama kipimo kinapatikana. Huchukuliwa kwa pamba ukeni au kwa mkojo.

Tiba kwa mjamzito kwa kawaida ni azithromaisini gramu 1, humezwa mara moja. Anayeshindwa kuitumia hupewa amoksilini kwa siku 7. Usiende duka la dawa kununua doksisaiklini kwa sababu ilimponya shoga yako: dawa za kundi hilo huweza kuathiri meno na mifupa ya mtoto tumboni. Baada ya wiki 4 hivi tunapima tena, na kunyonyesha kunaendelea kama kawaida.

Sasa baba. Mwanamke anaweza kutibiwa vizuri na kuambukizwa upya mwezi huo huo. Kwenye mialo yetu, yaani fukwe za ziwa wanakotia nanga wavuvi, hili hufuata kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka wavuvi hupumzika na wengi hurudi nyumbani kutoka visiwani. Mke amemeza dawa wakati wa giza, mume anafika na mbalamwezi, hana maumivu wala habari. Sisemi ndiye aliyeuleta; ugonjwa unaokaa kimya miezi mingi hauonyeshi nani alianza, na nimeona ndoa zikivunjika kwa swali ambalo maabara haiwezi kulijibu. Ninachosema ni kwamba ameze dawa kabla hawajakutana, kisha wote wangoje siku 7.

Yule mama nilimpa barua ya kumwita baba watoto. Akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga.

“Anarudi lini?”

“Mwezi ukianza kuwaka, nesi. Kama siku sita.”

Tukahesabu pamoja. Mtoto alikuwa na dawa ya maji ya kunywa kwa siku 14, na nikamwambia akianza kutapika kwa nguvu kila baada ya kunyonya, asimngoje baba, amrudishe hapo hapo.