Laki tatu kwenye dashibodi si sababu ya kumimina oili nzito

"Gari limeshazeeka, weka oili nzito." Maneno haya hupita gereji hadi gereji kama salamu, na kama ilivyo kwa salamu, hakuna anayesimama kuuliza yana maana gani. Mwenye pikapu anaona odomita imevuka kilomita laki tatu, anaacha 15W-40 aliyoizoea, anamimina 20W-50, au mbaya zaidi ile SAE 50 isiyo na W kabisa, kisha anatangaza kwamba injini "imetulia". Nimeshalijibu hili kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika, ili nikiulizwa tena niwe naelekeza tu watu huku.

Hoja yenyewe inasikika vizuri: injini imelika, nafasi kati ya chuma na chuma zimepanuka, basi oili nzito itazijaza. Kosa limo ndani ya neno "kuzijaza". Oili si sementi. Haikai mahali ikaziba, inapita. Kwenye beringi za krenki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, inasukumwa ndani, inavujia pembeni, inadondoka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuanza safari upya, na huko kuvuja ndiko kunakoondoa joto. Kwa hiyo swali ni inavuja kiasi gani, na hapo hesabu inaiumbua hoja nzima.

Namba yenye W ni ya oili ikiwa baridi; namba iliyo baada ya W inaeleza uzito wa oili, yaani ugumu wake wa kutiririka, ikiwa na nyuzi 100 za Selsiasi. Uzito huo hupimwa kwa sentistoki: daraja la 40 linaanzia 12.5 hadi chini kidogo ya 16.3. Daraja la 50 linaanzia hapo hadi chini ya 21.9. Oili nyingi za 15W-40 zinakaa kwenye 14.5 hivi, na za 20W-50 kwenye 18 hivi. Maana yake, kwa kuhama daraja umejipatia uzito wa ziada wa kama robo tu. Sasa geukia upande wa chuma. Oili inayovuja kwenye beringi haiongezeki sambamba na nafasi, inaongezeka kwa kipeo cha tatu cha nafasi hiyo. Beringi iliyokuwa na nafasi ya milimita 0.05 ikifika 0.06, kitu ambacho huwezi kukiona kwa macho, uvujaji umeshapanda kwa zaidi ya theluthi mbili. Ikifika 0.10, uvujaji ni mara nane. Dhidi ya mara nane hiyo, wewe umeleta robo.

Kwamba kelele inapungua, ni kweli, sibishi. Utando mzito wa oili hufyonza mgongano. Lakini ule mlio ulikuwa taarifa, na ulichofanya ni kumnyamazisha mleta taarifa. Beringi inaendelea kulika kimyakimya mpaka siku koni rodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, itakapojitangaza yenyewe.

Sasa tuje kwenye kitu kinachoniudhi kuliko vyote: kuchanganya presha na mtiririko. Watu wanaona sindano ya geji ya oili imepanda wanafurahi, kana kwamba presha ndiyo inayolainisha. Pampu ya oili husukuma kiasi kilekile, takriban, kwa kila mzunguko wa injini. Presha ni upinzani tu ambao oili inakutana nao njiani. Ukiweka oili nzito upinzani unapanda, na pampu ina valvu ya kupunguza presha inayofunguka ikifika kiwango fulani, kwenye injini nyingi ni baa 5 au 6. Ikifunguka, oili iliyozidi inarudishwa kwenye sampu bila kugusa beringi hata moja. Kwa hiyo asubuhi, injini ikiwa ya baridi na geji ikiwa juu kabisa, huenda beringi zako zinapata oili kidogo kuliko ambavyo zingepata kwa oili nyepesi yenye presha ya chini. Kumbuka pia kwamba oili yoyote ikiwa baridi ni nzito kupita kiasi. Hata daraja la 30 kwenye nyuzi 40 ni zito mara kadhaa kuliko daraja la 50 injini ikishapata moto. Asubuhi hakuna injini duniani inayolalamika kwamba oili yake ni nyepesi mno.

Filta nayo ina valvu yake. Oili ikishindwa kupenya karatasi ya filta kwa wepesi, valvu hiyo inafunguka na oili inapita pembeni bila kuchujwa. Oili nzito, injini baridi, filta iliyokaa muda mrefu: ukiviweka hivyo vitatu pamoja, kila asubuhi unazungusha uchafu wako mwenyewe.

Kibaya zaidi ni upande wa kuvuta. Pampu inavuta oili kupitia chujio la waya lililo chini kabisa ya sampu, na nguvu ya kuvuta haiwezi kuzidi presha ya hewa, yaani baa moja. Chujio likianza kuziba kwa masizi yaliyoganda, oili nzito ndiyo ya kwanza kugoma kupita. Waliozoea 1KD-FTV, ile dizeli ya lita 3.0 ya Toyota, wanaujua ugonjwa huu: washa za shaba chini ya nozeli zinazonyunyizia dizeli zikianza kuvujisha, gesi ya mlipuko inaingia upande wa tapeti, oili inageuka lami, lami inashuka kwenye chujio, na beringi zinakosa oili wakati stiki ya kupimia oili inaonyesha sampu imejaa. Mwenye gari hilo akishauriwa aweke oili nzito kwa sababu "presha imeshuka", ameshauriwa kuua injini yake haraka zaidi. Dawa ni kufungua sampu, kusafisha chujio na kubadili washa za nozeli. Hakuna chupa inayofanya kazi hiyo.

Sisemi 20W-50 ni sumu. Fungua kitabu cha gari. Dizeli nyingi za zamani zisizo na mambo mengi, kama 2L, 3L na 5L za Hilux, zina jedwali la halijoto lenye madaraja kadhaa, na mahali pa joto 20W-50 mara nyingi imo. Kama imo, na hujawahi kuamkia baridi kali, itumie kwa amani hata gari likiwa na kilomita elfu kumi. Ninachokataa ni odomita kugeuzwa kipimajoto. Jedwali linauliza hewa ya nje ina nyuzi ngapi. Umri wa gari halikuuliza.

Basi kama si oili, ni nini? Kwanza jua gari linakula oili kiasi gani, kwa kupima, si kwa kukisia. Egesha mahali tambarare injini ikiwa na moto, izime, subiri dakika kumi, jaza hadi alama ya juu ya stiki, andika odomita. Tembea kilomita 1,000. Rudia hatua zilezile, ukihesabu mililita ulizoongeza kurudi kwenye alama. Kwenye injini nyingi za pikapu, toka alama ya chini hadi ya juu ni karibu lita moja. Ikila chini ya nusu lita kwa kilomita 1,000, endelea na maisha, beba chupa ya akiba na uchungulie stiki kila unapojaza mafuta. Watengenezaji wengi hudai hata lita nzima kwa kilomita 1,000 ni kawaida. Kauli hiyo nadhani iliandikwa na idara inayoshughulikia madai ya waranti. Nikiona lita nzima, natafuta sababu.

Moshi wa buluu utakusaidia. Ukitoka kwa sekunde chache unapowasha gari lililolala, kisha ukatoweka, ni sili za valvu. Ukitoka unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima mrefu kwa gia, ni hizohizo sili, au shina la valvu na gaidi yake, kile kibomba kinacholiongoza. Ukitoka mfululizo gari likiwa na mzigo, ni ringi za pistoni, au turbo kama ipo. Lakini kabla hujazilaani ringi, kagua bomba la kupumulia la injini. Likiziba, gesi inayopita kwenye ringi inakosa pa kutokea, inasukuma oili nje kupitia kila sili, na fundi asiye na subira anaandika "injini imechoka". Bomba hilo husafishwa kwa nusu saa.

Tena ringi si lazima ziwe zimelika. Mara nyingi ile ringi ya chini, ya kukwangua oili, imeganda kwa kaboni na vitundu vyake vya kurudishia oili vimeziba. Oili nzito hapo haisaidii kitu. Kinachoweza kusaidia ni oili yenye sabuni nzuri, inayobadilishwa mapema, mara tatu mfululizo kila kilomita 2,500 hivi. Sitaapa kwamba itafaulu. Kuna injini zinazofunguka, na kuna zinazobaki vilevile hadi pistoni zitolewe, na kutoka nje hakuna namna ya kujua yako ni ipi.

Ukitaka kujua hali ya beringi, toa sensa ya presha ya oili, funga geji ya mkono mahali pake, pasha injini mpaka iwe na moto kamili. Dizeli za Toyota nilizozitaja hukubaliwa na presha ya baa 0.3 tu injini ikinguruma bila kukanyagwa, na kuanzia 2.5 kwenda juu kwa mizunguko 3,000. Ndiyo, 0.3. Watu huona namba hiyo wakakimbilia oili nzito ilhali injini imo ndani ya kiwango. Na taa nyekundu ya dashibodi isikufariji, kwani huwaka presha ikishaporomoka karibu na sifuri. Hapo hiyo taa ni rambirambi.

Oili gani basi? Angalia herufi za kiwango kwenye chupa kabla ya namba za uzito. S ni ya petroli, C ni ya dizeli. Kwa dizeli ya zamani isiyo na kichujio cha masizi kwenye ekzosi, CI-4 ya 15W-40 ni chaguo lisilo na makuu, hasa pale dizeli yenyewe ina salfa nyingi, kwa sababu ina akiba kubwa ya kuua asidi. CK-4 ni mpya zaidi, ila majivu inayoacha ikiungua yamewekewa kikomo ili kulinda vichujio ambavyo gari lako halina. Badili kila kilomita 5,000 pamoja na filta, na kama gari husimama likinguruma kwa muda mrefu, hesabu saa badala ya kilomita: 200 zinatosha. Je, ungeweza kufika 7,000? Pengine. Bila kupeleka sampuli maabara, sina njia ya kukuambia, na oili ni rahisi kuliko krenki.

Kuwa nyeusi hakumaanishi kitu. Oili ya dizeli inayobaki ya dhahabu baada ya kilomita 1,000 ndiyo ya kutiliwa shaka, kwani haijaosha chochote.

Yaliyobaki nayapita haraka. Oili ya sintetiki haitoboi sili. Inasafisha uchafu uliokuwa umeziba sili iliyokwisha kukauka, kisha lawama inaiangukia oili. Dawa ya kuosha injini kwa dakika kumi usiitie kwenye injini yenye matope, utayapeleka yote kwenye chujio kwa mkupuo. Chupa za "kuongeza uzito" ni ileile hadithi ya oili nzito kwa bei ya juu. Oili zilizoandikwa ni za magari ya kilomita nyingi zina vilainishi vya sili, na kwa jasho dogo la oili kwenye gasketi huenda zikasaidia. Kwa ringi, hapana.

Injini nyingi zinazoitwa zimechoka zimeliwa na vumbi, si na oili. Pitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, klempu imelegea au bomba limepasuka, na kila kilomita unasaga silinda kwa msasa. Rekebisha hapo kwanza.

Na ikitokea stiki inapanda badala ya kushuka, na oili inanuka dizeli, acha habari za madaraja kabisa. Nozeli inamwaga, au sili ya pampu ya dizeli imekufa, na kila lita ya oili ya daraja la 50 utakayomimina itakuwa maji baada ya wiki. Gari lilale mpaka mwenye kosa apatikane, kisha mwaga oili yote, weka filta mpya, na washa ya boliti ya kumwagia oili chini ya sampu usiirudishe ile ya zamani.