Kwa nini mashindano makongwe kuliko yote ya gofu hayana jina la nchi?

Kila Julai, kusi ikivuma Malindi na wapenzi wa gofu wakiwa mbele ya runinga, ubishi ule ule hurudi: haya ni British Open au ni The Open?

Jina rasmi ni The Open, au The Open Championship ukilitaja lote. Waandaaji wake, R&A wa St Andrews huko Scotland, hawatumii jingine. Tarehe 20 Julai 2025 Scottie Scheffler wa Marekani alishinda katika uwanja wa Royal Portrush kwa mikwaju 267 (kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi), yaani 17 chini ya kiwango cha uwanja, akimwacha Harris English kwa minne. Alitangazwa "Bingwa wa Gofu wa Mwaka", basi. Hata lile jagi la fedha alilokabidhiwa, maarufu kama Claret Jug, jina lake rasmi ni Kombe la Bingwa wa Gofu, na halitaji nchi.

Wengi hudhani neno British liliondolewa baadaye, kwa maringo. Halikuondolewa, kwa sababu halikuwamo. Chukua kijiji chenye kisima kimoja. Watu husema "naenda kisimani" na hakuna anayeuliza kipi. Siku mwenyeji mwingine akichimba chake, hicho kipya ndicho kinachohitaji jina la mwenyewe. Cha zamani hubaki kisima. Lakini wanaoishi karibu na kile kipya huona mambo kinyume: kwao kisima ni chao, na kile cha awali ndicho "cha kule juu". Hakuna anayedanganya. Kila mmoja anataja kwa kifupi kilicho karibu naye.

Ndivyo ilivyokuwa kwenye gofu. Mashindano ya kwanza yalichezwa Prestwick, Scotland, tarehe 17 Oktoba 1860, na wachezaji wanane wa kulipwa. Willie Park alishinda kwa mikwaju 174 katika mashimo 36, yaani raundi tatu za uwanja wa mashimo 12. Mwaka uliofuata mlango ulifunguliwa kwa wachezaji wa ridhaa pia, na hapo ndipo "Open", yaani wazi, ilipopata maana yake. Marekani ilianzisha Open yake mwaka 1895. Gazeti la New York likiandika "Open" tu, msomaji wake angefikiria ya nyumbani. Ndiyo maana neno British likaongezwa, na hata PGA Tour, chombo kinachoendesha mashindano ya wachezaji wa kulipwa huko, ililitumia kwa miaka mingi. Kwa hiyo shutuma kwamba Wamarekani wamekosa adabu ni nyepesi kidogo. Sisi wenyewe tuna Kenya Open tangu 1967, na nje ya Kenya hakuna ambaye angeielewa bila jina la nchi.

Hoja nyingine inayopendwa ya kulipinga neno British ni ya Portrush: uwanja uko Ireland Kaskazini, ambayo ni sehemu ya dola ya Uingereza lakini haiko kwenye kisiwa cha Britania. Jiografia ni sahihi, ila haielezi jina. Mashindano yalifika Portrush mara ya kwanza mwaka 1951, miaka 91 baada ya kuanza.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye "Open" yenyewe. Haimaanishi kwamba yeyote mwenye fimbo anaingia. Maana yake ni kwamba mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa wote wana njia. Nafasi kwa kawaida ni 156, na nyingi huenda kwa waliofuzu tayari kwa ushindi au kwa viwango vya dunia. Wengine huanza na mchujo wa awali wa mashimo 18, kisha wa mwisho wa mashimo 36 ndani ya siku moja. Mchezaji wa ridhaa lazima awe na handikapu, yaani kipimo cha uwezo ambacho kikiwa kidogo mchezaji ni bora zaidi, ya karibu sifuri. Mwaka 1976 mwendesha kreni, Maurice Flitcroft, alijiandikisha kama mchezaji wa kulipwa, njia ambayo haikudai handikapu, akapiga mikwaju 121 katika raundi moja ya mchujo. Waandaaji hawakufurahi.

Upande wa wanawake hadithi iligeuka. Mashindano yao, tofauti na ya wanaume, yalibeba neno British kirasmi kwa miongo kadhaa, hadi 2020 yalipobadilishwa kuwa AIG Women's Open. Jina la nchi likatoka, la kampuni ya bima likabaki.