Elimu na utafiti: tunayoyaamini na yalivyo kweli

Jamani hili niliseme, maana kila nikikaa kikao cha kamati ya shule huku Tandahimba nasikia maneno yaleyale, mtu anasimama anasema "hela ikija tu watoto watajua kusoma" na wote tunapiga makofi.

Hii ndo dhana kubwa kuliko zote na ilishapimwa hapahapa Tanzania. Mwaka 2013 na 2014 shirika lisilo la kiserikali la Twaweza na watafiti wakina Isaac Mbiti walichukua shule za msingi 350 kwenye wilaya 10 wakazigawa kwa kura, kuna zilizopewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto, kuna ambazo walimu waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayefaulu, kuna zilizopata vyote viwili, na zilizobaki hazikupata kitu ili ziwe za kulinganishia. Basi miaka miwili imeisha, shule zilizopata ruzuku peke yake watoto wao hawakuwapita wale ambao shule zao hazikupata hata senti! Zilizopata vyote viwili watoto walipanda kweli. Nisieleweke vibaya, ruzuku inahitajika, chaki haishuki toka mbinguni, ila hela bila mwalimu kusukumwa na kutiwa moyo afundishe inaishia kwenye madaftari na rangi ya ukuta.

Halafu kuna hii ya kwamba utafiti ni wa maprofesa na wazungu. Si kweli hata kidogo. Mwaka jana kikao kilitaka kumshukia mwalimu wa darasa la tatu kwamba hafundishi, nikaomba daftari la mahudhurio, tukakaa chini ya mwembe watu watatu tunahesabu kwa kidole mstari kwa mstari. Agosti watoto karibu wote wapo. Kufika Oktoba korosho zinaanguka na kurasa zimejaa alama za utoro, kuna mtoto kakosa siku 11 mwezi mmoja, yuko shambani na bibi yake anaokota. Mwalimu wa watu alikuwa anafundisha madawati matupu. Ule ni utafiti, na hatukulipwa posho.

Wengine wanasema kitu kikifanya kazi kwa jirani basi tukichukue kilivyo. Kenya walijaribu walimu wa mkataba, yaani wa kuajiriwa kwa muda, pale walipoajiriwa kupitia shirika lisilo la kiserikali watoto waliongeza maksi, serikali ilipoendesha programu hiyohiyo matokeo hayakuonekana. Kwahiyo usiulize tu "ilifanya kazi?", uliza na nani aliyeiendesha.

Na ile ya kwamba viongozi hawataki ushahidi mimi siikubali moja kwa moja. Wapo wasiotaka, ndio, lakini diwani umpe ripoti nene ya Kiingereza mwezi wa tano wakati bajeti ya halmashauri imeshapita barazani, unategemea afanye nini? Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, mjadala wake unaanza miezi mingi kabla. Sisi ile hesabu yetu ya chini ya mwembe tuliiandika ukurasa mmoja, Kiswahili, tukampelekea afisa elimu kata Novemba, tukiomba masomo ya ziada ya kusoma yawekwe Julai mpaka Septemba kabla korosho hazijaanza kuanguka. Alisoma palepale amesimama, akauliza kama shule zingine za kata nazo zinaweza kuhesabu hivihivi.