Soka si neno la Wamarekani

Hakosi mtu wa kukuzodoa kibandani mechi ikiendelea: "Usiseme soka, hilo la Wamarekani. Waingereza wenyewe wanasema football." Wanasema kweli, lakini soka walilibuni wao.

Mwaka 1863 vilabu vilikutana London vikaunda Football Association, chama cha kuweka sheria moja za mchezo. Mpira wa sheria hizo ukaitwa "association football", usije ukachanganywa na raga, ambayo nayo ilikuwa football ya aina yake. Jina refu kweli! Wanafunzi wa Oxford walikuwa na mchezo wa kukata maneno na kuyabandika mkia wa -er. Rugby kwao ikawa "rugger". Kwenye "association" wakachomoa herufi soc, wakabandika mkia uleule: "soccer". Hiyo ni miaka ya 1880, na Waingereza wakalitumia bila aibu kwa miongo mingi. Marekani lilishika mizizi kwa sababu football ya kwao ni mchezo mwingine kabisa.

Neno zima ukilitaka, litazame kwenye FIFA: ile A ya mwisho ndiyo "Association".

Nasi tukalipokea, likakaa pamoja na kandanda na kabumbu. Ila sikiliza vizuri: mtangazaji atasema "soka la wanawake" au "mwanasoka", lakini mtoto akipita kumwita mwenzake jioni husema, "Twende tukacheze mpira."