Habari uliyoisoma kwenye simu mwaka juzi, leo iko wapi?

Wengi wanaokuja kwenye chumba chetu cha magazeti ya zamani hawaji kusoma habari. Wanatafuta ushahidi. Huyu anataka tangazo la mirathi ya marehemu baba yake, yule la mnada wa kiwanja. Tunamletea jalada la mwezi mzima, karatasi imegeuka manjano na pembe zinamomonyoka. Anafunua polepole mpaka analipata, na tarehe ipo pale pale juu ya ukurasa.

Anayetafuta habari ya mtandaoni huja na picha ya skrini tu. Kiungo alichotumiwa hakifunguki tena.

Husemwa magazeti ya karatasi yanapungua kwa sababu vijana hawasomi. Siamini, wanasoma kutwa, hata wakiwa wamesimama kwenye daladala. Kilichoyumbisha gazeti zaidi ni matangazo. Pesa anayopokea muuza magazeti peke yake haitoshi kulipia karatasi, mtambo na gari la usiku la kwenda mikoani. Pengo hilo lilizibwa na zabuni, nafasi za kazi na tanzia. Leo hapa Tanzania zabuni za umma zinapita kwenye mfumo wa NeST, kazi za serikali zinatangazwa Ajira Portal, na tanzia inatumwa kwenye kundi la WhatsApp bila malipo. Gazeti lenyewe nalo husambazwa humo humo kwa PDF, kurasa zote, na mhariri hapati hata shilingi.

Wenzetu yaliwafika mapema. Seattle Post-Intelligencer la Marekani liliacha kuchapa mwaka 2009, The Independent la Uingereza mwaka 2016. Kenya, Nation ilianza kuwatoza wasomaji wa mtandaoni mwaka 2021.

Mtandao una kasi, na kosa husahihishwa dakika hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba kichwa cha habari kinaweza kubadilishwa kimyakimya, au tovuti ikafungwa na habari zake zote. Mambo Leo, gazeti la Kiswahili la enzi za ukoloni lililoanza mwaka 1923, halina tatizo hilo: kilichochapwa kimechapwa.

Kwa hiyo ukikuta habari muhimu kwako, ihifadhi kwa PDF pamoja na anwani yake na siku uliyoifungua. Unaweza pia kuiwekea nakala kwenye Wayback Machine, tovuti inayotunza nakala za kurasa za mtandaoni, bure. Picha ya skrini ni dhaifu; hata kurasa za mbele za magazeti hughushiwa. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ushahidi wa kielektroniki, lakini mahakama huangalia pia ulitunzwa vipi.

Na gazeti la karatasi lenye tangazo linalokuhusu lisiishie kufungia maandazi. Wala usikate tangazo peke yake, kama wengi wanavyotuletea. Tunza ukurasa mzima, maana jina la gazeti na tarehe viko juu.