Wati kwa kilo: baiskeli nyepesi inakusaidia kiasi gani mlimani?

Kwenye makundi ya waendesha baiskeli za mbio kuna neno halikosekani: "wati kwa kilo". Anayepanda vizuri husifiwa kwamba wati zake kwa kilo ziko juu, na anayetamani magurudumu ya kaboni hulitumia neno hilohilo kumshawishi mwenzi wake nyumbani kwamba matumizi yale ni ya lazima. Wazo lenyewe si gumu, ila likieleweka nusunusu linakula pesa nyingi.

Wati ni kipimo cha nguvu inayotoka miguuni na kuingia kwenye pedali. Chukua wati unazoweza kuzishikilia kwa saa nzima bila kuishiwa pumzi, zigawanye kwa uzito wako, umeshapata wati kwa kilo. Mtu wa kilo 70 anayeshikilia wati 200 ana karibu 2.9. Wakali wa dunia, kwenye mlima wa nusu saa, huvuka 6.

Hesabu hiyo inafaa kulinganisha mtu na mtu. Ukitaka kujua baiskeli yako inachangia nini, gawanya kwa uzito wa kila kinachopanda. Mwili kilo 70, baiskeli kilo 9, halafu maji, viatu, helmeti, pampu, tyubu ya akiba na simu, tuseme kilo 3. Jumla 82. Mlima hautofautishi fremu ya kaboni na ugali uliokula jana usiku. Vyote unavibeba mwenyewe.

Uzito huu hausumbui kila mahali. Kwenye tambarare, ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu yako inaishia kusukuma hewa, na kilo moja ya ziada huisikii. Mlimani mwendo unaanguka, hewa inaacha kuwa tatizo, na kazi inabaki moja tu, kuinua. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, yaani unapanda mita 8 kwa kila mita 100 za barabara, mtu wetu wa wati 200 anakwenda kama kilomita 10 kwa saa, na karibu asilimia 90 ya nguvu yake inamezwa na uzito.

Sasa tupige hesabu yenyewe. Chukua mlima wa kilomita 12.5 wa asilimia 8, unaokupandisha mita 1,000. Hauko mbali na Alpe d'Huez ya Ufaransa, ule mlima wa kona 21 unaopandwa mara kwa mara kwenye Tour de France. Mtu wetu ataumaliza kwa saa moja na robo. Mpunguzie baiskeli kilo moja nzima, kazi ambayo kwa baiskeli ya kawaida si ndogo na si rahisi mfukoni. Jumla inashuka kutoka 82 hadi 81, pungufu ya asilimia 1.2. Kule juu atafika mapema kwa sekunde 50 na kidogo.

Sekunde 50, ndani ya saa moja na robo.

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto, mkoani Tanga, unapata karibu mita 1,000 zilezile lakini zimetandazwa kwenye kilomita kama 33. Wastani ni asilimia 3 tu, mwendo unakuwa mkubwa zaidi, hewa inarudi kudai sehemu yake, na faida ya ile kilo inapungua tena. Kumbuka pia kwamba wati 10 za ziada, zinazopatikana kwa miezi michache ya mazoezi yenye mpango, zinamsaidia mtu wetu sawa na kupunguza kilo 4 hivi. Baiskeli nzima ni kilo 9.

Kwa wanaoshindana mambo ni tofauti, maana kwao sekunde 50 ni tofauti ya medali na nafasi ya kumi na kitu. Mashindano ya dunia ya barabarani yalipofika Afrika kwa mara ya kwanza, Kigali, Septemba 2025, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 zenye zaidi ya mita 5,400 za kupanda, na Tadej Pogačar akashinda. Lakini hata hao wana ukomo. Tangu mwaka 2000 shirikisho la dunia la baiskeli, UCI, haliruhusu baiskeli ya mashindano iwe chini ya kilo 6.8. Wengi wanakaribia hapohapo, kwa hiyo kinachowatenganisha kwenye vilima vya Kigali ni miguu.

Gia kwanza, gramu baadaye

Haya ndiyo ningependa kila mwenye baiskeli ya mbio ayajue kabla hajafungua pochi. Wati 200 zinapatikana kwa njia mbili: kukanyaga kwa nguvu nyingi taratibu, au kukanyaga kwa nguvu ndogo harakaharaka. Kwa kipimo ni wati zilezile, ila mapaja na magoti hayazipokei sawa. Ukibanwa kwenye gia nzito, misuli inachoka mapema, na zile wati 200 unazozimudu kwa saa nzima zinaweza kushuka kabla saa haijaisha. Hapo ndipo wengi husema baiskeli yao ni nzito.

Baiskeli nyingi za mbio zinazoingia kama mtumba kutoka Ulaya, hasa za zamani kidogo, zimefungwa gia za washindani: mbele spoketi ya meno 53 na nyingine ya 39, nyuma kaseti, yaani fungu la spoketi za nyuma, inayoishia meno 25. Gurudumu moja likizunguka mara moja husogea kama mita 2.1. Kwa gia nyepesi kuliko zote hapo, 39 kwa 25, kila mzungusho wa pedali unakusogeza karibu mita 3.3. Kwenye ule mwinuko wa asilimia 8, mwendo wa kilomita 10 kwa saa, mtu wetu anakanyaga mara 51 tu kwa dakika. Kwa kilomita kumi na mbili, hayo ni mateso.

Mbadilishie mbele spoketi ya 34, nyuma ya 28, anapata mara 65. Weka 34 mbele na 34 nyuma, anafika karibu 80, mahali ambapo mtu wa kawaida anazungusha miguu bila kubanwa. Mlima haujabadilika, wati hazijabadilika, uzito nao ni uleule.

Tena si uleule. Kaseti inayofika meno 34 inaweza kuzidi ile ndogo kwa gramu 100 hivi, kwa kuwa ina chuma kingi zaidi. Yaani badiliko linalosaidia kuliko yote mlimani linaiongezea baiskeli uzito! Anayehesabu gramu peke yake hatalinunua kamwe. Gramu 100 kwenye mlima wetu zinagharimu sekunde 5, na unazirudisha mara nyingi kwa kutochoka.

Kabla ya kununua, muulize fundi kuhusu kile kimkono cha nyuma kinachohamisha cheni. Vyenye mguu mfupi havifiki meno 34. Mfano, kimkono cha Shimano 105 cha toleo la R7000 chenye mguu mfupi kinaishia meno 30, cha mguu mrefu ndicho kinapokea 34. Cheni nayo huenda ikahitaji kuwa ndefu zaidi. Ukiiacha fupi halafu ukaingia kwenye spoketi kubwa mbele na kubwa nyuma kwa pamoja, unaweza kukivunja kile kimkono barabarani.

Matairi, tyubu na hadithi ya magurudumu

Baada ya gia, shuka kwenye matairi. Tairi la bei ya chini lenye waya ukingoni lina gramu 350 au zaidi, na zuri la kukunjika lina kama 260. Lakini gramu si hoja kubwa hapa. Mpira mgumu unameza nguvu kila unapobonyea barabarani, na tofauti ya tairi gumu na tairi laini kwa jozi, hata kwenye mwendo wa pole wa mlimani, ni wati 4 hivi. Hiyo ni karibu sawa na kupunguza kilo 1.6 kwenye mlima wetu, na kwenye tambarare unapata zaidi. Mimi ningeanza na matairi hata kama nina hela ya magurudumu.

Usikimbilie yale mepesi kupindukia ya siku ya mashindano, lakini. Pembeni mwa barabara zetu kuna miiba ya migunga, na kuna zile nyaya nyembamba za matairi ya malori yaliyopasuka, zinazoingia kimyakimya. Dakika kumi za kuziba pancha zinafuta sekunde zote ulizonunua. Tafuta tairi lenye ukanda wa kinga chini ya mpira, upana wa milimita 28 kama fremu inaruhusu.

Tyubu za kawaida zina kama gramu 100 kila moja. Za plastiki ile laini iitwayo TPU zina chini ya 40. Kwa jozi unapunguza zaidi ya gramu 120, na kwa bei ukilinganisha na vitu vingine vya kupunguzia uzito, ni rahisi.

Kuhusu magurudumu, utaambiwa kwamba gramu moja kwenye rimu ni sawa na gramu mbili kwenye fremu. Kuna ukweli, lakini mahali pake si mlimani. Kitu kinachozunguka kinadai nguvu ya ziada pale tu unapoongeza mwendo, kwa sababu unakisogeza mbele na kukizungusha kwa wakati mmoja. Ukiwa kwenye mwendo wa kudumu, kilomita 10 kwa saa kwa saa nzima, gramu ya rimu na gramu ya kiti ni ndugu, zote zinainuliwa tu. Magurudumu yanayokuja na baiskeli za kati mara nyingi huwa kilo 2 kwa jozi. Mazuri ya alumini ni kilo 1.5. Nusu kilo hiyo ni sekunde 26 kwenye mlima wetu, iwe imetoka kwenye rimu au kwenye mfuko wa nyuma wa jezi.

Vilivyobaki, kama kiti, nguzo ya kiti, usukani na shingo yake, vinaleta gramu 50 hapa, 150 pale. Vipime kwa shilingi kwa gramu. Kiti cha shilingi 150,000 kinachopunguza gramu 150 kinakuuzia gramu moja kwa 1,000. Pedali za 300,000 zinazopunguza gramu 60 zinakuuzia kwa 5,000. Halafu angalia chupa ya maji ya mililita 750, ambayo ikijaa inazidi gramu 750. Kama njiani kuna maduka, kupanda na chupa moja badala ya mbili kunakupa nafuu kuliko pedali hizo, bure. Skrubu za titani sina la kusema juu yake, zinapendeza machoni.

Vitu vyepesi havisamehi mkono mzito. Shingo ya usukani mara nyingi imeandikwa kikomo cha kukaza, nyutoni-mita 5 au karibu na hapo, na fundi aliyezoea baiskeli za mizigo anaweza kuipita bila kujua. Alumini hujipinda kwanza, kaboni huweza kupasuka ndani na isionyeshe kitu mpaka siku inayokatika. Spana ya kupimia ukazaji inunuliwe kabla ya usukani wa kaboni, na usukani wa kaboni wenye jina kubwa unaouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa uachwe hukohuko.

Na kila mlima unaoupanda utaushuka. Ukishuka kutoka Lushoto, kuanzia Soni kwenda Mombo breki zinashikwa sana, na breki za kubana rimu hugeuza mwendo wote ule kuwa joto kwenye rimu. Rimu za kaboni zinaweza kulainika kwa joto hilo, hasa za bei ya chini, na baadhi ya tyubu za TPU zimeandikwa kabisa kuwa ni za breki za diski peke yake. Kama baiskeli yako inabana rimu, baki na rimu za alumini, tyubu za mpira wa kawaida na pedi mpya za breki, hata kama mizani itaonyesha gramu 200 zaidi.