Magadi ya Natron: kiwanda kikae wapi?

Dhana: Ziwa Natron ni chumvi tupu, hakuna kinachoishi pale.

Hii naisikia sana hapa Arusha kila unapozuka mjadala wa kujenga kiwanda cha magadi pale ziwani, hata kwa watu wasiowahi kulikanyaga ziwa lenyewe. Ukweli ni kwamba karibu heroe wadogo wote wa Afrika Mashariki, hao tunaowaita flamingo, huanguliwa Natron. Yale maji makali yanayochoma ngozi ndiyo ngome yao: hujenga viota vya matope katikati ya ziwa, fisi na mbweha wasikofika.

Dhana: Wakisumbuliwa, watahamia ziwa lingine.

Kula, ndiyo. Utawakuta Momela, Manyara, hata Nakuru. Kutaga ni habari nyingine. Maji yakizidi, viota vinazama. Yakipungua, wanyama wala nyama wanavifikia kwa miguu. Sasa fikiria kiwanda kinachovuta maji yasiyo na chumvi ya mito na chemchemi zinazolisha ziwa lenye kina kisichofika hata mita tatu. Watu hubishana kiwanda kitakula eka ngapi, na eka hizo kweli ni chache. Mimi naogopa maji.

Dhana: Anayetetea Natron anapinga viwanda.

Hapana, na neno hili linaniumiza, kwa sababu vijana wetu wanahitaji ajira, na magadi hutengeneza vioo na sabuni. Mwaka 2006 Shirika la Taifa la Maendeleo na kampuni ya India, Tata Chemicals, walikuwa na mpango wa kuzalisha tani 500,000 kwa mwaka pale Natron, eneo lililokwisha kutambuliwa tangu 2001 na Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Mwaka 2008 Tata ikajiondoa. Baadaye macho yakageukia Engaruka, wilayani Monduli, ambako magadi yako chini ya ardhi. Magadi ni yaleyale, mkoa ni uleule, na viota vinabaki salama.

Dhana: Tathmini ya mazingira ni karatasi za kuchelewesha mradi.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka ifanyike kabla ya ujenzi, wananchi wakisikilizwa.

Dhana: Basi Engaruka haina shida.

Inayo. Watu wa pale wanalima kwa mifereji, na magofu ya kilimo cha umwagiliaji cha mababu yapo mpaka leo chini ya ule ukingo wa Bonde la Ufa. Kabla ya fidia na ajira, waambiwe wazi maji ya kiwanda yatatoka mto gani, na mifereji yao itabaki na kiasi gani wakati wa kiangazi.